Miaka Mia Iliyohesabiwa Vibaya

Binadamu huadhimisha miaka ya kazi kubwa kwa kuwa kumbukumbu yake ni chombo kivujacho: kisipozibwa mara kwa mara, kilichomo hupotea. Lakini hesabu ya miaka yaweza kukosewa, na hapo huzuka swali: je, heshima itolewayo katika mwaka usio wake ni heshima kweli, au ni juhudi iliyopotea? Historia ya muziki wa Ulaya ina tukio moja liwezalo kujibu swali hilo. Lilitokea Berlin tarehe 11 Machi, 1829.

Jioni ya siku hiyo Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliongoza kwaya ya chama cha waimbaji kiitwacho Sing-Akademie katika kazi ya Johann Sebastian Bach juu ya mateso ya Yesu, kwa mujibu wa Injili ya Mathayo. Waimbaji walizidi 150. Mfalme wa Prussia alihudhuria. Mwanafalsafa Hegel alikuwapo, na mshairi Heine kadhalika. Nafasi zote zilikwisha nunuliwa, na watu wengi walirudishwa. Iliaminiwa kuwa Bach aliitoa kazi hiyo mara ya kwanza mjini Leipzig, Ijumaa Kuu ya mwaka wa 1729. Kwa hiyo jioni ile ilihesabiwa kuwa kilele cha miaka 100.

Kabla ya hapo kazi hiyo haikuwa imesikika nje ya Leipzig, mji ambao Bach aliutumikia kama mwalimu wa muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas tangu mwaka wa 1723 mpaka alipofariki mwaka wa 1750. Baada ya kifo chake jina lake halikufutika kabisa: wanafunzi wake walilihifadhi, na wapigaji wa kinanda walijifunza kwa tungo zake. Lakini kazi zake kubwa za kanisani zilibaki katika maandishi ya mkono, mikononi mwa watu wachache. Nakala moja ya Mateso ilipatikana kwa hisani ya Bella Salomon, bibi yake Mendelssohn, ambaye alimpa mjukuu wake kuwa zawadi. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini akiba isiyofunguliwa haimshibishi mtu.

Kuifungua kulikuwa na taabu. Kazi hiyo yataka kwaya mbili na okestra mbili, na muda wake hukaribia saa tatu. Mzee Carl Friedrich Zelter, mwalimu wa Mendelssohn na mkuu wa Sing-Akademie, aliujua ugumu huo, maana yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha waimbaji wake vipande vya Bach faraghani. Alipoombwa ruhusa alisita. Mendelssohn na rafiki yake, mwimbaji Eduard Devrient, walimsihi hata akaridhia. Devrient ndiye aliyeimba maneno ya Yesu. Mendelssohn aliikata kazi, akaacha nyingi katika nyimbo za mwimbaji mmoja. Basi karne iliadhimishwa kwa kazi iliyopunguzwa na, kama ilivyobainika baadaye, katika mwaka usiokuwa wake.

Kosa lilikuwa na asili yake. Picander, mshairi aliyetunga mashairi ya kazi hiyo, aliyachapisha katika kitabu cha mwaka wa 1729, na mwaka wa maneno kupigwa chapa ukachukuliwa kuwa mwaka wa muziki kuzaliwa. Mwaka wa 1975 mtaalamu Mmarekani, Joshua Rifkin, alitoa hoja kuwa Mateso yaliimbwa kwanza tarehe 11 Aprili, 1727. Wataalamu wengi wameikubali hoja hiyo.

Lakini hesabu ile mbovu ilizaa matunda mema. Kazi ilirudiwa tarehe 21 Machi, 1829, siku ya kuzaliwa kwa Bach, na mara ya tatu Ijumaa Kuu, Zelter akiongoza. Mwaka wa 1830 ikapigwa chapa, na miji mingine ikafuata mfano wa Berlin. Mwaka wa 1850, miaka 100 baada ya kifo cha Bach, kiliundwa Leipzig chama cha kuchapisha kazi zake zote, shughuli iliyodumu karibu nusu karne. Uchapishaji huo ulileta wachunguzi wa maandishi yake, na katika uchunguzi wa namna hiyo ndimo kosa la 1829 lilimogunduliwa. Sherehe ilizaa elimu, na elimu ikamsahihisha mzazi wake.

Mwenye sherehe hakulipwa vema. Mendelssohn, aliyezaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, alitoa maonyesho ya muziki ili kuchangia mnara wa Bach uliozinduliwa Leipzig mwaka wa 1843. Yeye naye alisimamishiwa sanamu mjini humo mwaka wa 1892. Wafuasi wa Hitler wakaiondoa mwaka wa 1936. Shukrani ya punda ni mateke. Mfano wa sanamu hiyo ulirudishwa mwaka wa 2008, ukawekwa karibu na kanisa la Mtakatifu Thomas.

Kwa hesabu iliyosahihishwa, miaka 300 ya Mateso hutimia mwaka wa 2027. Miaka 200 ya jioni ya Berlin hutimia mwaka wa 2029. Sherehe ya kwanza ni ya aliyetunga. Ya pili ni ya kijana aliyekosa tarehe, lakini hakukosa wajibu.