Uzio wa waya
Uzio wa waya ni ua wa nguzo na nyaya unaozuia mifugo isitoke malishoni. Kwa mfugaji wa mbuzi huko Tosamaganga, mkoani Iringa, uchaguzi mkubwa ni kati ya seng'enge na wavu. Seng'enge, iliyopewa hataza na Joseph Glidden nchini Marekani mwaka 1874, hufaa ng'ombe. Mbuzi hupenya katikati au huchanika ngozi.

Gharama hufuata mzunguko, si eneo: malisho ya mita 50 kwa 50 huhitaji uzio wa mita 200, ya 100 kwa 25 mita 250. Seng'enge ya nyuzi sita kwenye hizo mita 200 hula waya mita 1,200, na hapo urahisi wake hupungua. Nguzo za mkaratusi zisizotiwa dawa huliwa na mchwa.