Ufunguo wa Nyumba Yetu

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Usemi huo ulinirudia siku moja huko Kinyangiri, katika nchi ya Wanyiramba, nilipokuwa katika utumishi wa serikali. Iliwekwa mbele yangu nakala ya maandishi ya Kijerumani, na katika ukurasa mzima nikatambua neno moja tu: Mkalama. Mzee mmoja aliyekuwapo akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Hawa walisema nini juu yetu?" Nikanyamaza, maana sikuwa na jibu. Insha hii imetokana na kimya kile.

Taaluma ya lugha na fasihi za Kijerumani, ambayo leo husomwa katika vyuo vikuu hadi shahada za uzamili na uzamivu, haikuanza kama anasa ya wasomi. Ilizaliwa wakati Wajerumani wenyewe walikuwa hawajawa na dola moja, kwani dola hiyo iliundwa mwaka 1871. Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walikusanya ngano za watu wao wakaanza kuzichapisha mwaka 1812. Walikuwa wakilitafuta taifa katika vinywa vya wazee. Katika chapa ya mwaka 1822 ya sarufi yake, Jacob alionyesha kwamba sauti za lugha zenye nasaba moja hubadilika kwa kanuni, wala si kwa bahati nasibu. Mwingereza asemapo ten na tongue, Mjerumani husema zehn na Zunge. Kwa kipimo cha namna hiyo Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi na Kiswidi hutambulikana kuwa ndugu, kama walivyo ndugu Kinyiramba, Kinyaturu, Kisukuma na Kiswahili.

Kipimo hicho kililetwa Afrika. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyesomea Bonn, alizipa lugha zetu jina la Kibantu katika sarufi linganishi aliyoanza kuitoa mwaka 1862. Mwaka 1899 Carl Meinhof akatoa kitabu chake juu ya sauti za lugha hizo. Kabla ya hapo, mwaka 1887, chuo cha lugha za Mashariki kilikuwa kimefunguliwa mjini Berlin, na humo Kiswahili kikafundishwa kwa watu waliokuwa wakitayarishwa kuja kututawala. Hivyo elimu iliyowasaidia Wajerumani kujijua ikawa pia chombo cha kuwatawalia wengine.

Lakini isidhaniwe kwamba waliofundisha huko walikuwa Wazungu peke yao. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Berlin tangu mwaka 1891 hadi 1895. Mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu ya Mtoro, ingawa kwa miaka mingi kilijulikana zaidi kwa jina la Velten. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Waliposafiri kuja Afrika Mashariki mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kuingia nchini na kuishi kama mume na mke, nao wakarudi Ujerumani. Mtoro alifundisha tena, mara hii Hamburg, tangu mwaka 1909 hadi 1913, akafariki Berlin mwaka 1927. Lugha yake ilipokewa kwa mikono miwili. Utu wake ukaachwa mlangoni.

Baada ya Uhuru njia hiyo hiyo ilipitwa na watu wenye nia nyingine. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliyeandika Kinjeketile juu ya Vita vya Maji Maji, alikwenda Berlin ya Mashariki katika miaka ya 1970 kwa masomo ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt. Utafiti wake ulihusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alisomea uzamivu Leipzig katika miaka ya 1980, na baadaye akawa profesa Bayreuth. Mabwana hawa walikwenda na swali la kwao mkononi, nao walirudi na swali hilo likiwa limenolewa.

Turudi Kinyangiri. Kata hii imo katika Wilaya ya Mkalama, iliyoanzishwa mwaka 2012 na kupewa jina la mahali ambapo Wajerumani walijenga boma lao. Mwaka 1912 mwanajiografia Erich Obst alichapisha Hamburg habari za safari yake kutoka Mkalama hadi nchi ya Wakindiga, yaani Wahadzabe. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yamehifadhiwa Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, na mengi yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo hana budi kufundishwa kuusoma. Mali ni yetu, nyumba ni yetu, lakini ufunguo hatuna.

Wako watakaosema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini je, asili yaachwa na nani: ajifunzaye Kijerumani ili asome habari za babu yake, au asubiriye mgeni amsomee? Mtoto asemaye shule na hela amekwisha kutamka maneno yenye asili ya Kijerumani, na Kiswahili chake hakikupungukiwa kitu. Walakini tusiyaamini maandishi hayo kama msahafu. Msafiri huona kwa macho ya mgeni, na karani wa boma huandika ampendezavyo bwana wake. Yafaa yapimwe kwa masimulizi ya wazee, nayo masimulizi yakusanywe sasa, kwa Kinyiramba na kwa Kihadzabe, kama ndugu wale walivyokusanya ngano za kwao.

Yule mzee aliuliza swali la haki. Siku kijana wa Kinyangiri atakapoketi mbele ya faili la Mkalama akalisoma bila mkalimani, kisha akamsomea babu yake na kumwuliza, "Je, ndivyo ilivyokuwa?", hapo ndipo jibu nililolikosa litakapoanza kupatikana.