Misheni Katoliki, Ardhi na Elimu ya Kilimo: Unguja na Bagamoyo, 1860–1898

Mjadala wa sasa kuhusu utunzaji wa mazingira katika vyuo vya Kanisa Katoliki aghalabu huanzia kwenye waraka wa Laudato Si' wa Papa Fransisko wa mwaka 2015. Hata hivyo, historia ya Unguja inaonesha kuwa uhusiano baina ya shule ya Kikatoliki na ardhi ulianza mapema zaidi, na kwamba chimbuko lake lilikuwa mahitaji ya chakula kabla ya kuwa fundisho.

Mnamo Desemba 1860, Padri Amand Fava na wenzake waliwasili Unguja kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi yao ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padri Antoine Horner. Mjini palikuwa na hospitali, shule na karakana ambamo watoto waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa ufundi. Mji Mkongwe wenyewe ulijengwa kwa mali ya pwani: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa kuni, na boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba. Katika mji huo uliobanana hapakuwa na nafasi ya shamba la kuwalisha watoto waliozidi kuongezeka. Hivyo, mwaka 1868, kwa idhini ya Sultani Majid bin Said, misheni ilihamishia shughuli za kilimo Bagamoyo.

Huko elimu ilifungamana na jembe. Watoto walisoma, lakini pia walifyeka, walipanda minazi na kutunza bustani. Ni vyema kutambua kuwa watoto hao hawakuchagua kazi hiyo. Waliokuwa wametoka sokoni Unguja, ambako biashara ya watumwa iliendelea hadi mwaka 1873, walijikuta tena wakilima ardhi isiyokuwa yao, ingawa chini ya masharti tofauti. Kwa hiyo, ustawi wa shamba la misheni hauwezi kusimuliwa bila kutaja mikono iliyoustawisha.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na pwani ya pili yake. Majengo ya misheni Bagamoyo yaliharibiwa, na mikarafuu mingi ya Unguja iling'olewa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baadaye ikawa mzalishaji mkuu wa karafuu. Tukio hilo lilidhihirisha hatari ya uchumi uliotegemea zao moja: mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na aliyeupoteza hawezi kuungoja akiwa na njaa.

Sura ya pili ya historia hii ni ya maarifa. Padri Charles Sacleux, aliyefanya kazi katika eneo hili kuanzia mwaka 1879 hadi 1898, alikusanya mimea mingi iliyopelekwa Paris. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapishwa kati ya mwaka 1939 na 1941, inataja majina mengi ya mimea pamoja na majina yake ya kisayansi. Lakini majina hayo hayakuzaliwa maktabani. Wakataji boriti, waganga na wakulima ndio waliojua kutofautisha mkoko, mkandaa na mchu, na kujua matumizi ya kila mmoja. Jenasi moja ya mimea ilipewa jina la Sacleux. Waliomfundisha majina ya miti hawakupata heshima kama hiyo.

Kwa kuhitimisha, misheni haikuleta utunzaji wa ardhi mahali ambapo haukuwapo. Iliukuta, ikautumia na, kwa kalamu ya Sacleux, ikauhifadhi kwa maandishi. Chuo kinachopanda miti leo kingeitendea haki historia hii iwapo, pamoja na kuhesabu miche, kingeandika pia majina ya wazee waliokifundisha mahali pa kuipanda.