Feleji Sugu

Fundi wa boti wa Sango Rota, pale Mto Sondu Miriu unapoingia Ziwa Victoria, akitaka bolti hupanda Pap Onditi au huenda Kisumu mjini. Dukani huomba "stenlesi". Vitabuni tunasoma "chuma cha pua", jina lisilotosha, kwani pua ni feleji yoyote, hata ile inayoliwa na kutu. Wengine huandika "chuma kisichoshika kutu". Hata Harry Brearley wa Sheffield, aliyeiyeyusha feleji hii mwaka 1913, aliiita hivyo mwanzoni. Lakini jina hilo linaahidi mno: mwenye boti akiliamini, haikagui bolti yake tena.

Mimi napendelea "feleji sugu kwa kutu". Wauguzi husema vimelea sugu kwa dawa, na sugu pia ni ngozi ngumu ya kiganja cha mpiga kasia. Feleji hii nayo hujiotesha sugu. Ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, ambayo ikikutana na oksijeni hufanya utando wa nanomita chache, usioonekana kwa macho. Ukikwaruzika, oksijeni huurudisha.

Basi utando huo unahitaji hewa. Chini ya kichwa cha bolti, ndani ya ubao uliolowa, maji hutuama na oksijeni huisha. Utando haujirudishi tena, na bolti huliwa kwa ndani huku kichwa kinameta. Ziba mwanya kwa gundi isiyopitisha maji kabla ya kukaza nati, na boti ikipandishwa nchi kavu zifungue baadhi uzitazame shingoni.

Kloridi, kama ile ya chumvi ya bahari, huuvunja utando huo haraka zaidi. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo aina ya 304 hutosha kwa kazi nyingi. Lamu na Mombasa hutakiwa 316, yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Dawa ya klorini ya kutolea madoa isiiguse kabisa.

Tena usiisugue kwa waya wa chuma, wala usiiache karibu na grenda inayokata chuma cha kawaida. Chembe zinazoirukia hushika kutu juu yake, na muuza duka husingiziwa kuuza bandia. Misumari ya zinki nayo ikigusana na bolti hizi majini, misumari ndiyo huliwa upesi. Itenge kwa washa za plastiki, au ukiweza, funga boti nzima kwa aina moja.