Shamba la stroberi lililozua vita Marekani

Aprili 24, 2027 itatimia miaka 40 tangu bakteria waliobadilishwa jeni maabara wanyunyizwe shambani kwa idhini ya serikali kwa mara ya kwanza. Shamba lenyewe lilikuwa la stroberi, Brentwood, jimbo la California. Wakati huu ambapo nchi zetu zingali zinavutana kuhusu GMO, yaani viumbe waliobadilishwa jeni, kisa hicho kinafaa kusimuliwa upya.

Chanzo chake ni jalidi. Wakulima wa Kinangop na Kericho, nchini Kenya, wanaijua baridi hiyo ya alfajiri inayounguza majani. Kwenye stroberi, ua likiganda, kitovu chake hugeuka cheusi na tunda halitungi tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Paul Hoppe, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alikuwa akisaga majani makavu ya mahindi yenye ugonjwa na kunyunyiza unga wake juu ya miche ili auchunguze ugonjwa huo. Ghafla baridi ikapiga. Miche yenye unga ikaungua, isiyo na unga ikasalimika. Baadaye Steven Lindow, akiwa bado mwanafunzi Wisconsin, alisaidia kumpata mkosaji: bakteria Pseudomonas syringae, ambao protini yao huanzisha barafu juu ya jani. Wasipokuwepo, mmea huweza kuvumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila kuganda.

Alipohamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Lindow na wenzake waliiondoa jeni ya protini hiyo kwenye bakteria. Walikusudia kuwanyunyiza mapema bakteria wasio na madhara, wajae kwenye majani, ili wale waharibifu wakose nafasi. Kampuni ya Advanced Genetic Sciences ikaingia ili kuifanya kazi hiyo bidhaa ya kuuzwa, Frostban. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, likaihesabu kuwa kiuatilifu.

Hapo ndipo ugomvi ulipopamba moto. Mwaka 1983 mwanaharakati Jeremy Rifkin alikwenda mahakamani, akihofia pamoja na mengine kwamba bakteria hao wangevuruga mvua. Mwaka uliofuata Jaji John Sirica alilizuia jaribio la shambani lililopangwa na chuo kikuu. Novemba 1985 EPA iliipa kampuni kibali, lakini wakazi wa Kaunti ya Monterey, ambako shamba la jaribio lilichaguliwa bila wao kushirikishwa vya kutosha, wakakataa, na baraza lao likapiga marufuku.

Kisha siri ikafichuka. Kabla ya kibali kutoka, kampuni ilikuwa imekwisha kuwadunga bakteria hao ndani ya miti juu ya paa la jengo lake, Oakland. Ilijitetea kwamba ndani ya mti si sawa na kuwaachia hewani. EPA haikukubali: ilisimamisha kibali na kutoza faini ya dola 20,000, iliyopunguzwa baadaye.

Kibali kiliporudishwa na shamba la Brentwood kupatikana, wapinzani walivamia usiku wa kuamkia jaribio na kung'oa miche mingi. Ikapandwa upya. Mtafiti akapita kati ya matuta na bomba la dawa, amejifunika vazi la kinga gubigubi na kinyago usoni, huku wapiga picha wakisimama karibu na nguo zao za kawaida. Masharti ya kibali ndiyo yaliyodai vazi lile. Lakini nani angeitazama picha hiyo akaamini kwamba dawa ile ni salama?

Siku 5 baadaye Lindow alianza jaribio lake la viazi huko Tulelake. Majaribio yalionyesha kwamba jalidi ilipungua na bakteria hawakuenea mbali. Hata hivyo, Frostban yenye bakteria waliobadilishwa haikufika sokoni. Bakteria wa asili wanaoleta barafu ndio waliopata biashara: huuzwa wakiwa wamekufa, kwa jina Snomax, kutengenezea theluji ya michezo.

Sayansi ya Lindow haikushindwa. Kilichoiangusha ni kukosa imani ya watu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kwetu pia viumbe hai hutumika kama viuatilifu: icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, imetoa aina za kuvu wa asili Metarhizium, wasiobadilishwa jeni. Mojawapo, ICIPE 78, hutumika dhidi ya utitiri, adui mkubwa wa stroberi. Hii ni fahari ya Afrika, na inasikitisha kwamba inasemwa kidogo mno vijijini.

Mkulima, kabla ya kununua kiuatilifu cha namna hii, uliza: ndani ya chupa hii mna kiumbe gani, kimetoka wapi, na je, kimesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, PCPB kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania? Nao watengenezaji wana wajibu wa kuyajibu hayo hadharani kabla hawajaulizwa.