Wenzo Mdogo wa Baisikeli ya Safari

Jioni hii nitawasimulia habari za kitu kidogo, urefu wake kama kidole cha mtu mzima, nacho ni ule wenzo wa chuma ukaao ubavuni mwa baisikeli ya safari kwa ajili ya kubadili gea. Huenda wengi wenu hamjapata kuuona, maana baisikeli nyingi za kwetu, zile nyeusi nzito zibebazo maziwa na mkaa, zina mwendo mmoja tu. Mpandaji akifika mlimani hushuka, akasukuma. Mimi nami nilisukuma hivyo miaka mingi, wala sikudhani kuna njia nyingine, mpaka nilipopata kununua baisikeli ya safari iliyokwisha tumika, yenye nyenzo mbili kwenye bomba la chini la fremu, yaani bomba lile litokalo chini ya usukani likashuka mpaka penye pedeli.

Kwanza nieleze kazi yake, ili habari zitakazofuata zipate kueleweka. Nyuma ya baisikeli hiyo, badala ya gurudumu moja la meno, yako matano au zaidi, yamepangwa pamoja, makubwa kwa madogo. Mnyororo ukiwa juu ya lile kubwa, mguu huwa mwepesi na mwendo huwa wa polepole. Ukiwa juu ya dogo, mambo huwa kinyume chake. Chini ya magurudumu hayo hutundikwa mkono wenye springi, ndio uongozao mnyororo, na waya mwembamba watoka hapo mpaka kwenye wenzo. Ukiuvuta wenzo nyuma, mnyororo hupanda juu ya meno makubwa. Ukiusukuma mbele, springi huurudisha kwenye madogo. Wenzo wa kulia ni wa nyuma; wa kushoto huhamisha mnyororo kwenye magurudumu ya meno yaliyo penye pedeli.

Sasa, ni kitu gani kiuzuiacho wenzo usirudishwe na springi? Ni msuguano tu. Wenzo umebanwa na skrubu moja kati ya vipande vyembamba vya duara, na skrubu hiyo ina kikono cha kukazia kwa vidole. Hapana kituo, hapana alama, hapana mlio wa kumwambia mtu kwamba amefika. Mpandaji huvuta mpaka ausikie mnyororo umepanda. Akipitiliza, hurudisha kidogo. Na mnyororo ukikwaruza, hujua kwamba haujakaa sawasawa. Kwa siku mbili tatu jambo hili humchosha. Kisha mkono hujifunza wenyewe, kama mkono wa mpishi ujuavyo chumvi.

Watu wengi hudhani kwamba gea za namna hii zililetwa duniani na washindani, wale wanaokimbiza baisikeli ili kupata zawadi. Ukweli ni kwamba zilitunzwa na wasafiri, na washindani walizikataa muda mrefu.

Katika nchi ya Ufaransa alikuwako bwana mmoja jina lake Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka wa 1853. Kazi yake ya kwanza ilikuwa biashara ya hariri katika mji wa Saint-Étienne, lakini alipoijua baisikeli moyo wake ulihamia huko. Aliiacha hariri, akafungua duka la baisikeli, na mwaka wa 1887 akaanzisha gazeti lililokuja kujulikana kwa jina la Le Cycliste. Humo aliandika kwa jina la Vélocio, na jina hilo ndilo lililomshika mpaka kufa kwake. Kusini ya mji wa Saint-Étienne kuna njia ya mlimani, Col de la République, ifikayo mita 1,161 juu ya bahari. Vélocio aliipanda mara nyingi sana, na inasimuliwa kwamba siku moja, akihangaika hapo na baisikeli ya mwendo mmoja, alipitwa na kijana aliyekuwa akivuta kiko. Mimi sijui kama kiko kilikuwako kweli. Visa vya namna hiyo hupata mapambo njiani. Lakini ni hakika kwamba tangu hapo maisha yake yote aliyatumia kutafuta jinsi baisikeli moja iwezavyo kuwa na miendo mingi. Alianza kwa magurudumu mawili ya meno penye pedeli, na ilimpasa mpandaji asimame auhamishe mnyororo kwa mkono. Baadaye akawatia moyo mafundi wengine, akazijaribu kazi zao barabarani, akaandika bila woga kipi ni kizuri na kipi hakifai.

Upande wa pili alisimama bwana mwingine mwenye nguvu kuliko yeye. Huyo ni Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto, aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka wa 1903. Hakuwa mtu asiyejua baisikeli. Mwaka wa 1893 yeye mwenyewe alipanda kilomita 35.325 kwa saa moja, akaweka kipimo ambacho wengine walitakiwa wakivuke. Mwaka wa 1902 chama cha wasafiri cha Ufaransa kilifanya jaribio milimani ili kuzipima baisikeli zenye gea, na waandishi wengi wanasimulia jinsi bibi mmoja, Marthe Hesse, alivyozishinda njia zile juu ya baisikeli ya Gauloise yenye miendo mitatu bila kukanyaga chini. Desgrange hakushawishika. Aliandika kwamba gea ni za watu waliopita miaka arobaini na mitano, na kwamba ni bora kushinda kwa nguvu za misuli kuliko kwa hila ya chombo. (Mimi nimevuka arobaini, basi nimebakiwa na miaka michache tu ya kuona haya.)

Maneno hayo si ya kuchekwa tu, kwa kuwa yalikuwa sheria. Kwa miaka zaidi ya 30 washindani wakuu wa Tour de France hawakuruhusiwa kutumia gea za kuhamisha mnyororo. Mwaka wa 1910 njia ya mashindano ilipitishwa katika milima ya Pyrenees, juu ya Tourmalet wenye mita 2,115. Octave Lapize, aliyeshinda mwaka ule, alikuwa mmoja wa vijana wenye nguvu kuliko wote katika Ufaransa, naye pia kuna mahali alipokwenda kwa miguu akiisukuma baisikeli yake kama sisi. Desturi ya baadaye ilikuwa kutia gurudumu la meno kila upande wa gurudumu la nyuma: moja la tambarare, moja la mlima. Mshindani akifika chini ya mlima alisimama, akafungua nati, akatoa gurudumu, akaligeuza, akalifunga tena, huku wenzake wakimpita.

Kutoka katika taabu hiyo kilitoka chombo kingine mashuhuri. Inasimuliwa kwamba Mwitaliano Tullio Campagnolo, katika mashindano ya mwezi wa Novemba 1927 kwenye njia ya Croce d'Aune, alishindwa kufungua nati za mabawa kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Baadaye akabuni kifungo cha gurudumu kifunguliwacho kwa kugeuza wenzo mmoja, nacho chatumika mpaka leo ulimwenguni kote.

Vélocio hakuyaona mabadiliko ya sheria. Mwaka wa 1930 aligongwa na tramu huko Saint-Étienne, akafa. Kabla ya hapo fundi Lucien Juy wa Dijon alikuwa amekwisha kuanza kuuza gea zake ziitwazo Simplex, na wasafiri walizinunua pasipo kumwomba mhariri yeyote ruhusa. Mwaka wa 1936 Desgrange aliugua, na uongozi wa mashindano ukashikwa na Jacques Goddet. Mwaka uliofuata, 1937, gea zikaruhusiwa, na Roger Lapébie akashinda akizitumia. Basi ndivyo washindani walivyopokea chombo ambacho mzee wa Saint-Étienne alikuwa akikisifu tangu kabla wengi wao hawajazaliwa.

Hata hivyo wenzo haukuwa umepata mahali pake. Mafundi wengine waliuweka kwenye bomba la juu, wengine chini, na Campagnolo katika miaka ya 1940 alitengeneza chombo cha ajabu ambacho nyenzo zake mbili zilikuwa nyuma ya kiti. Mpandaji alinyosha mkono nyuma, akalegeza ekseli ya gurudumu huku yumo mwendoni, akapiga pedeli kinyumenyume, akauhamisha mnyororo kwa wenzo wa pili, kisha akakaza tena. Mwitaliano Gino Bartali alishinda Tour de France ya 1948 kwa chombo hicho. Nikikifikiri, nastaajabu kwamba alifika na vidole vyote.

Katika miaka ya 1950, gea za waya zilipokamilishwa, bomba la chini ndilo lililoshinda, na sababu yake ni nyepesi. Waya utokao hapo ni mfupi, nao wakwenda karibu katika mstari ulionyoka. Na waya usiopindishwa mara nyingi haukwami wala haunyonyi nguvu ya mkono. Hasara yake ni kwamba lazima mkono uache usukani, na penye mashimo hilo ni jambo la kuangaliwa. Walakini kwa miaka 30 hivi, mshindani na msafiri, tajiri na maskini, wote waliinama kidogo na kushika mahali pale pale.

Kisha wakaachana. Mwaka wa 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa wenzo wenye vituo: ukiusogeza hulia tik, na mnyororo umehama, bila mpandaji kukisia lolote. Mwaka wa 1990 kampuni hiyo hiyo ikauunganisha wenzo na breki juu ya usukani, na muda si mrefu washindani wakaliacha bomba la chini. Sina ugomvi nao. Mtu ashindaniaye sekunde, mwenye gari la mafundi nyuma yake, ana haki ya kutumia kilicho chepesi kwa vidole.

Msafiri hana gari la mafundi. Wenzo wenye vituo wahitaji kila kitu kilingane: nafasi kati ya meno, urefu wa waya, unyofu wa mkono wa nyuma. Baisikeli ikianguka na mkono ukapinda kidogo, vituo vyote huwa vya uongo. Wenzo wa msuguano haujali. Ukipata gurudumu jingine katika mji wa ugenini, lenye meno matano, sita au saba, mkono wako hutafuta mahali papya, na safari huendelea. Ndiyo sababu nyenzo hizi zingali zikitengenezwa, na wanunuzi wake wengi ni watu wa safari ndefu, wale wale ambao Vélocio aliwaandikia.

Una kosa lake moja, nami nililijua kwa aibu. Katika likizo moja nilikuwa nikipanda barabara itokayo Mombo kwenda Soni na Lushoto, barabara izungukayo kando ya korongo kwa maili nyingi. Nilikuwa katika gea nyepesi, nimefurahi kabisa. Ghafula mguu ukawa mzito. Nikavuta wenzo, ukatii. Baada ya kitambo, mguu ukawa mzito tena. Mara ya tatu nilichelewa, nikashuka nisije nikaanguka, nikaanza kusukuma. Kijana mmoja aliyekuwa akishuka na mikungu ya ndizi alisimama akaniamkia, “Shikamoo, Mwalimu.” Nikaitikia. Akaitazama baisikeli toka mbele hata nyuma, akasema kwa adabu, “Mwalimu, samahani, vyuma vyote hivi, na bado wasukuma?”

Sikuwa na jibu, lakini swali lake lilinifanya nitazame chini. Skrubu ilikuwa imelegea kwa mtikisiko wa mawe, na springi ilikuwa ikiurudisha wenzo mbele kidogo kidogo pasipo mimi kuona. Nilikaza robo duara kwa vidole viwili. Kijana akataka kushika wenzo, nikamwachia auvute na kuusukuma huku nimeinua gurudumu la nyuma na kuzungusha pedeli, naye akacheka mnyororo ulipopanda. Kisha nikaagana naye, nikapanda, nikafika Soni jua lingali juu.