Hali ya Sarafu Kongwe za Shaba na Mipaka ya Picha: Mfano wa Kampala

Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala kwa muda usiotimia mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kabla sarafu zenye sura yake hazijaingia mikononi mwa raia wa nchi yake. Afrika Mashariki mambo yalikuwa tofauti. Senti 5 na senti 10 za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki hazikubeba sura ya mfalme. Upande mmoja zilikuwa na taji, jina lake kwa Kilatini na tundu katikati. Upande wa pili, pembe mbili za ndovu zililizunguka tundu hilo. Kwa kuwa hapakuwa na sura ya kusubiriwa, sarafu za jina lake zilipigwa mwaka huohuo, zikatumika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kama senti nyingine yoyote. Leo wakusanyaji wa nchi za mbali huzitafuta, na anayeiuza Kampala kwa kawaida hutanguliza picha iliyopigwa kwa simu. Bei hufuata hali ya sarafu. Hali nayo huamuliwa na mtu ambaye hajawahi kuishika.

Utaratibu wa kuamua hali hiyo haukutungwa kwa ajili ya sarafu za namna hii. Mwaka 1949 Mmarekani William H. Sheldon alichapisha kipimo cha kuanzia 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani za miaka ya 1793 hadi 1814. Hesabu yake ilikuwa ya kibiashara: sarafu ya daraja la 70 ilitarajiwa kuwa na thamani mara sabini ya ile ya daraja la 1. Soko lile lilibadilika, lakini kipimo kilibaki, na sasa kinatumika kwa sarafu za metali zote duniani. Jicho la mkadiriaji aliyezoea kipimo hicho hutafuta kwanza nywele na shavu la sura iliyochorwa, kwa kuwa ndizo sehemu zilizoinuka na zinazosagika mapema. Senti ya Afrika Mashariki haina shavu. Mkadiriaji hana budi kutazama misalaba na vito vya taji, migongo ya zile pembe, na ukingo wa nje.

Tena hana budi kutazama tundu. Kabla ya sarafu, Buganda ilitumia kauri kama fedha. Zilitobolewa na kutungwa kwenye uzi, na neno la Kiganda *ensimbi*, lililotaja kauri hizo, ndilo linalotaja fedha hadi leo. Sarafu yenye tundu iliingia katika mazoea yaliyokuwapo tayari. Sarafu iliyokaa kwenye uzi au waya huchakaa kwa namna yake: mdomo wa tundu hulainika na pengine huvutwa upande mmoja, ilhali taji likabaki zima. Hakuna daraja la kipimo cha Sheldon linaloieleza sarafu hiyo ipasavyo. Kwa mfanyabiashara huo ni upungufu. Kwa mwanahistoria ni ushahidi wa jinsi fedha ilivyobebwa. Picha ya kawaida inayopigwa kutoka juu huuficha, kwani tundu huonekana kama duara jeusi tu.

Ugumu wa shaba kwa kamera unatokana na rangi na mng'ao. Shaba mpya ni nyekundu. Hewa huigeuza kahawia taratibu, na wakadiriaji huzitofautisha nyekundu, nyekundu-kahawia na kahawia kwa sababu bei zake hazilingani. Lakini simu hujirekebishia rangi yenyewe. Sarafu moja ikipigwa picha chini ya taa ya umanjano na kisha kivulini mchana, inaweza kupewa majina mawili tofauti. Mng'ao wa asili nao hutokana na mistari midogo mno iliyoachwa na nguvu ya kupiga chapa. Mtu akiigeuza sarafu mkononi, miale huzunguka juu yake. Picha tuli haina mzunguko huo. Sarafu iliyosuguliwa kwa ndimu au majivu hung'aa pia, tena kwa wekundu wa kuvutia, na mikwaruzo yake midogo hufutwa na programu ya simu inayopunguza ukubwa wa picha. Kutu ya kijani iliyojificha pembeni mwa herufi huweza kudhaniwa kivuli. Kivuli nacho hudhaniwa kutu. Na sarafu iliyopigwa chapa kwa unyonge tangu kiwandani hufanana na iliyochakaa, mpaka uso wake utazamwe kwa mwanga wa ubavuni.

Yapo mambo ambayo hata picha bora kabisa haiwezi kuyasema. Uganda ilitoa sarafu zake mwaka 1966, na senti zake ndogo zilikuwa za bronzi. Katikati ya miaka ya 1970 baadhi yake zilipigwa kwa chuma kilichopakwa shaba. Pichani jozi hiyo hufanana. Sumaku ya shilingi chache huzitenganisha papo hapo.

Tatizo la lugha nalo si dogo. Katika ngazi ya wafanyabiashara wa Kiingereza, daraja linalotafsirika kama “Nzuri” ni la sarafu iliyosagika kiasi cha kubaki umbo tu. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Ikiwa kumbukumbu za makumbusho zitaandikwa kwa lugha hii, tafsiri ya neno kwa neno itampotosha afisa atakayezisoma. Maneno yanayoeleza kinachoonekana, kama vile iliyofutika, iliyosagika, iliyoguswa kidogo na isiyotumika, yanafaa zaidi.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuidharau picha. Baada ya Sheldon kufariki mwaka 1977 ilibainika kwamba alikuwa amebadilisha sarafu za shaba katika hazina ya Jumuiya ya Sarafu ya Marekani, akichukua zilizo bora na kuacha duni mahali pake. Miongoni mwa vilivyofichua jambo hilo ni picha za zamani za mkusanyo huohuo: kila doa na kila mkwaruzo ni kama alama ya kidole. Mtunga kipimo alinaswa na picha, si na kipimo chake.

Kwa taasisi za Kampala, zikiwemo Makumbusho ya Uganda yaliyoanza mwaka 1908, ugawaji huo wa kazi una maana ya kiutendaji. Picha ipigwe kwa ajili ya utambulisho: pande zote mbili, mwanga kutoka pembe mbili tofauti, mdomo wa tundu kwa karibu, rula na kadi ya kijivu zikiwa ndani ya fremu. Uzito, kipenyo na jibu la sumaku viandikwe na aliyeishika sarafu. Daraja la hali, likihitajika kwa bima au kwa kibali cha kuitoa nchini, liandikwe kama kadirio lenye upeo wa chini na wa juu, pamoja na tarehe na maelezo kama limetolewa kwa mkono au kwa picha. Picha za mwanzo zisifutwe zinapopigwa mpya, kwa sababu shaba huendelea kubadilika hata ikiwa kabatini.